Elimu ya Ramani na Haja Yake kwa Mkulima wa Karafuu

Ndugu wanachama,

Katika mkutano wa Halmashauri uliopita ilisomwa barua ya binti wa mwanachama wetu mmoja. Binti huyu amekwisha pata shahada ya kwanza ya Jiografia, na sasa anasomesha skuli moja mjini Tanga. Anakiomba Chama kimkopeshe nusu ya ada ili asome shahada ya pili, yaani shahada ya uzamili, katika elimu iitwayo kwa urefu Sayansi ya Taarifa za Kijiografia. Nusu nyingine ameiweka akiba mwenyewe katika mshahara wake.

Barua ilipokwisha kusomwa palikuwa kimya, kisha maneno yakawa mengi. Mmoja alisema, "Twaomba majamvi ya kuanikia karafuu hatupati, leo twaombwa fedha za kuchora ramani?" Mwingine alisema kwamba shamba lake analijua tangu utotoni, mti kwa mti, wala hana haja ya karatasi ya kumwonyesha. Wa tatu alisema neno zito zaidi: kwamba kila ilipokuja ramani, nyuma yake ilikuja kodi au mtu wa kudai ardhi. Hakuna aliyekosea kwa kusema alivyosema. Fedha ni za karafuu zetu, na kila senti ina jasho la mpandaji, la mchumaji na la mchambuaji.

Kwa kuwa haifai kulikubali wala kulikataa jambo tusilolijua, Halmashauri ilituagiza sisi, Katibu, pamoja na Bwana Mweka Hazina, twende Tanga tukamwulize mwenyewe, kisha tuwaeleze wanachama wote kabla ya Mkutano Mkuu. Nauli ilitoka mifukoni mwetu, tusije tukasemwa. Haya basi ndiyo tuliyoyaona na tuliyojifunza, na mwishoni tutalitaja neno la kupigiwa kura.

ELIMU HII NI NINI?

Jina lisimtishe mtu. Elimu hii ni ya kujua kitu kiko wapi, na kujua ni jambo gani linalofuata kwa kuwa kiko hapo. Kila mmoja wetu anayo sehemu yake. Mtu wa Pemba anaposimama kusali huelekea kaskazini karibu sawasawa, maana Makka iko karibu juu ya mstari ule ule wa longitudi unaopita kisiwani kwetu, umbali wa karibu kilomita 3,000. Mtu wa Tanga huelemea mashariki kidogo, kiasi ambacho jicho halikitambui. Ndugu zetu walioko Muscat wao huelekea magharibi. Dini ni moja na Kibla ni moja, bali mwelekeo hubadilika kwa mahali alipo mtu. Masheikh wetu waliosoma falaki walizijua hesabu hizi kabla hatujasikia habari za kompyuta.

Kadhalika nahodha. Kutoka Wete hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, na manahodha wetu waliivuka bahari hii usiku kwa nyota, kwa upepo na kwa rangi ya maji. Hiyo nayo ni elimu ya mahali. Ila iliwekwa kichwani, na nahodha alipofariki aliondoka nayo.

Tofauti ya elimu ya siku hizi ni kuwa habari za mahali huwekwa katika kompyuta tabaka juu ya tabaka. Fikiri karatasi nyembamba zinazopenya mwanga. Ya kwanza ina njia, ya pili ina mito na mabonde, ya tatu ina aina za udongo, ya nne ina mikarafuu, ya tano ina mikarafuu iliyokufa na mwaka uliokufa kila mmoja. Ukizipandanisha karatasi hizo waweza kuuliza: Je, mikarafuu inayokufa iko bondeni yanakotuama maji, au iko mlimani kwenye udongo mwembamba? Na je, kifo chaenda upande gani mwaka hata mwaka? Swali hili si geni kwetu. Wataalamu Nutman na Sheffield walichapisha mwaka 1949 uchunguzi wao juu ya ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla na namna unavyoenea. Kulijibu kwa miguu, shamba kwa shamba, ni kazi ya miaka. Kwa kompyuta, ikiwa habari zilizotiwa ni za kweli, jibu laweza kupatikana kwa siku moja. Maneno "ikiwa ni za kweli" ndiyo yenye uzito, nasi tutayarudia.

Wengi watastaajabu kusikia kwamba elimu hii imetokana na haja ya kupanda miti Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Roger Tomlinson, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Canada katika kampuni ya kupiga picha kutoka angani, alipewa kazi ya kutafuta mahali panapofaa kupandwa msitu nchini Kenya. Ilimbidi alinganishe ramani nyingi za mambo mbali mbali, na kuzilinganisha kwa mkono kulionekana kuwa na gharama kubwa mno. Ndipo alipowaza kwamba kompyuta ingeweza kuifanya kazi hiyo. Serikali ya Canada ililichukua wazo lake, na kuanzia mwaka 1963 akasimamia ujenzi wa mfumo wa kwanza wa namna hii. Bwana huyo alifariki mwaka 2014, naye huitwa baba wa elimu hii. Basi swali lililoianzisha lilikuwa swali la mkulima: mti huu niupande wapi?

TULIYOYAONA USAGARA

Binti yetu anakaa kwa ami yake, Usagara, mjini Tanga. Alitupokea kwa adabu, "Shikamoo babu, shikamoo ami," akatuandalia chai na mikate ya kumimina. Lakini Bwana Mweka Hazina, ambaye katika Halmashauri ndiye aliyeipinga barua kwa nguvu kuliko wote, hakuingoja chai. Alisema, "Mwanangu, hizo ramani zako nionyeshe shamba langu."

Binti alifungua kompyuta yake. Picha ya kwanza ilitoka katika setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, ambazo ya kwanza yake ilirushwa mwaka 2015. Setilaiti hizi zikiwa mbili hupita juu ya mahali pale pale kila baada ya siku tano, na picha zake hutolewa bure kwa mtu yeyote duniani. Aliitafuta Pemba, kisha wilaya, kisha kijiji, kisha akaweka kidole.

"Hili hapa, babu."

"Mikarafuu yangu iko wapi?"

"Yote imo humo, babu, lakini haionekani mmoja mmoja."

Mzee aliangalia, akaona rangi ya kijani tu, akacheka. Hapo binti akatufanyia hesabu, nasi tunaiandika ili kila mwanachama aifanye kwa shamba lake. Picha ya setilaiti ni kama mkeka uliosukwa kwa vipande vidogo vya mraba, na kila kipande kina rangi moja tu. Katika Sentinel-2 kipande kilicho kidogo kabisa ni mita 10 kwa mita 10 ardhini. Katika setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ambazo zimeanza kurushwa tangu 1972, kipande cha siku hizi ni mita 30 kwa mita 30. Eka tatu, ambazo wengi wetu au wazee wetu waligawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ni kiasi cha mita za mraba 12,140. Maana yake shamba zima la eka tatu ni vipande 13 tu vya Landsat, na ni vipande 121 vya Sentinel-2. Ukiwa umepanda mikarafuu kwa nafasi ya mita 7 kila upande, kipande kimoja cha Landsat kina mikarafuu 18 ndani yake, na kipande cha Sentinel-2 kina miwili. Ndiyo sababu mzee hakuuona mti wake.

Hata hivyo picha hiyo si bure. Setilaiti huona pia mwanga ambao jicho la mwanadamu halioni. Jani lenye afya hurudisha kwa wingi mwanga ulio jirani na rangi nyekundu usioonekana kwa macho, na jani linaloharibika hurudisha mchache zaidi. Kwa hiyo sehemu ya shamba inayodhoofika yaweza kujulikana, na ikafuatwa mwezi kwa mwezi, ijapokuwa mti mmoja mmoja hauonekani. Kikwazo ni mawingu, nasi twajua mawingu ya masika yalivyo kisiwani.

Kisha binti alitufungulia picha ya pili, na hii ilikuwa ya namna nyingine kabisa. Wanachama watakumbuka vile vyombo vidogo virukavyo bila rubani, droni, vilivyoonekana angani kwetu. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia walianza kazi ya kupiga picha Unguja na Pemba kwa vyombo hivyo, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300, na vijana wa chuo hicho walifundishwa kuvirusha. Katika picha za namna hii kipande kimoja cha mraba ni sentimita chache tu. Mwaka 2018 baadhi ya picha hizo zilitumiwa katika shindano la kuifundisha kompyuta kutambua mapaa ya nyumba za Zanzibar. Sasa shamba lilionekana: mwavuli wa kila mti, njia ya miguu, hata kivuli cha mnazi.

Binti alikuwa amejaribu, kwa mazoezi yake mwenyewe, kutia alama nyekundu juu ya kila mti aliodhani ni mkarafuu. Zilikuwa alama 40. Mzee alivuta kiti karibu, akavaa miwani, akaanza kuzipitia kwa kidole moja baada ya moja. Kwenye moja alisimama.

"Huu si mkarafuu. Huu ni mzambarau. Tuliuparamia tangu watoto."

Binti hakuona haya. Alieleza kwamba mzambarau na mkarafuu ni ndugu, na wataalamu wa mimea huiweka yote miwili katika ukoo mmoja uitwao Syzygium. Kwa hiyo haishangazi miavuli yake kushabihiana ukiitazama kutoka juu. Mzee akaendelea. Mmoja ulikuwa mfenesi. Miwili ilikuwa mikarafuu kweli, lakini ilikufa baada ya picha kupigwa, na sasa pale pana muhogo. Alipomaliza alikuwa amezikosoa alama saba katika 40, yaani zaidi ya moja katika kila sita.

Binti alizifuta, akaandika mwaka wa kufa wa ile miwili kama mzee alivyomtajia, kisha akasema, "Ndiyo maana nimeandika barua, babu. Picha ninayo, na kompyuta ninayo. Lakini namna ya kuichanganya elimu yako na picha hii, nikajua nimekosea kiasi gani kabla sijawapa watu hesabu, hiyo sijasomeshwa."

Bwana Mweka Hazina hakujibu kitu. Alivuta kikombe chake, na chai ilikuwa imekwisha poa.

KWA NINI SIMU HAITOSHI

Tulimwuliza swali ambalo wanachama wangeuliza: siku hizi kila mtu ana simu yenye ramani, je, hatuwezi kupima mashamba wenyewe?

Alijibu kwamba twaweza kuanza, na ipo programu nzuri ya kuchorea ramani iitwayo QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo haiuzwi bali hutolewa bure. Lakini kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba simu mahali peupe hukosea kiasi cha mita 5, na chini ya majani mazito hukosea zaidi. Mikarafuu yetu imetengana mita 7 au chini yake. Kwa hiyo simu yaweza kukuweka chini ya mti wa pili, na penye mpaka yaweza kukuweka kwa jirani.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa hauonekani. Dunia si tufe kamili, na wapimaji wa nyakati mbali mbali waliikadiria kwa vipimo mbali mbali. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimefungwa katika kipimo kiitwacho Arc 1960, bali simu zetu hutumia kingine kiitwacho WGS 84. Tarakimu zile zile za latitudi na longitudi, zikisomwa kwa kipimo kisicho chake, katika pande zetu hukosea kwa karibu mita 300. Shamba la eka tatu likiwa mraba, kila upande wake ni mita 110. Maana yake mtu asiyejua aweza kulichukua shamba lako kwenye karatasi akaliweka mashamba mawili matatu mbele, na ramani yake ikawa safi, yenye rangi nzuri na mhuri. Fikirini karatasi kama hiyo ikipelekwa mbele ya kadhi au hakimu.

Tena kuna mambo ambayo hakuna picha itakayoyaona. Kwetu mtu aweza kuwa na mikarafuu yake katika ardhi ya mwenziwe. Mti mmoja waweza kuwa wa warithi sita. Picha ya angani huona matawi. Haioni wasia wala mirathi. Asiyeyajua haya, hata akiwa na shahada kumi, atachora mpaka mmoja palipo na haki mbili.

RAMANI NI YA NANI?

Tunarudi sasa kwa yule ndugu aliyesema kwamba nyuma ya ramani huja kodi au mdai wa ardhi. Tulipokuwa tumekaa pale Usagara tulilifikiri neno lake, kwa kuwa jina lenyewe Usagara ni fundisho. Ni jina la nchi ya bara, pande za Kilosa na Mpwapwa. Mwaka 1884 Mdachi Carl Peters alifika huko na katika nchi za jirani akiwatia wakuu sahihi katika karatasi ambazo lugha yake hawakuijua. Mwaka 1885 Kaisari wa Wadachi alitoa barua ya ulinzi juu ya nchi hizo, na Seyyid Barghash alipopinga hakusikilizwa. Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi walipatana: Sultani aachiwe visiwa pamoja na ukanda wa pwani wa maili kumi, na baina yao wao wakapiga mstari kutoka mdomo wa mto Umba, kaskazini ya Tanga, kwenda ziwa Jipe na kuzunguka Kilimanjaro. Hata leo mtu wa Vanga na mtu wa Tanga, wenye lugha moja na harusi moja, wamo katika nchi mbili kwa sababu ya ule mstari.

Ramani nzuri zilifuata. Oscar Baumann, mtu wa Austria, aliingia Usambara mwaka 1888 pamoja na Hans Meyer, wakakamatwa na watu wa Abushiri katika vita vya pwani, wakaachiliwa kwa fidia. Mwaka 1890 alirudi akaipima Usambara kwa ajili ya kampuni ya Wadachi, na kitabu chake kikatoka mwaka 1891. Mtu huyo huyo alikuja visiwani, akaandika juu ya Mafia, juu ya Unguja, na juu ya Pemba mwaka 1899. Mwaka 1893 Wadachi walianza kuijenga reli kutoka Tanga, na mwaka huo huo katani ikaletwa Pangani. Mwaka 1895 ilitolewa amri kwamba ardhi ambayo Wadachi waliihesabu haina mwenyewe ni ya Serikali yao. Na nani aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba ina mwenyewe?

Basi ndugu yetu ana haki ya kuogopa. Lakini tulitazame jambo hili vizuri. Madhara hayakuja kwa sababu ramani ilikuwapo. Yalikuja kwa sababu ramani ilikuwa ya upande mmoja, na upande wa pili hakuwapo mtu wa kuisoma na kusema, "Hapa mmekosea, hapa pana wenyewe." Leo setilaiti zitapita juu ya mashamba yetu tukipenda tusipende. Mnunuzi wa karafuu aliye mbali aweza kuyatazama mashamba ya Pemba na kukisia mavuno kabla sisi hatujatandika majamvi. Huko bara nako, Muheza na milima ya Amani ambako Wadachi walifungua kituo cha utafiti mwaka 1902, karafuu hulimwa, na wenzetu wa huko watapigwa picha kama sisi. Tusiulize kama ramani itachorwa. Tuulize kama atakuwapo mtoto wetu wa kujua imekosewa wapi.

MASOMO YENYEWE

Kwa faida ya wanachama wenye watoto skuli, tunaeleza njia ilivyo. Mtoto anayependa kazi hii asiitupe Hisabati wala Jiografia. Anayemaliza kidato cha nne aweza kuanzia vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora, akatoka fundi wa upimaji au wa ramani. Kwa shahada, Dar es Salaam kuna Chuo Kikuu Ardhi, kilichoanza mwaka 1956 kama skuli ya wapimaji, kikawa chuo cha ardhi mwaka 1972, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kikasimama kwa miguu yake kama chuo kikuu mwaka 2007. Nairobi kuna idara ya elimu hii katika chuo kikuu, na pia kituo cha ramani cha nchi za kanda hii kilichoundwa mwaka 1975. Ulaya kinachojulikana sana na watu wetu ni chuo cha Enschede, Uholanzi, kiitwacho ITC, kilichoanzishwa mwaka 1950 na Willem Schermerhorn, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, makusudi kwa wanafunzi wa nchi zinazoendelea.

Shahada ya uzamili kwa kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: vipimo vya dunia na namna ya kuvigeuza kimoja kuwa kingine, usomaji wa picha za setilaiti na droni, utunzaji wa taarifa, hesabu za takwimu, na kuiandikia kompyuta amri. Baada ya hapo mwanafunzi huchagua tatizo moja la kweli, akalichunguza, akaandika tasnifu na kuitetea mbele ya walimu. Jambo kubwa analojifunza ni lile la alama saba katika 40: kwenda ardhini na kupima kosa lake mwenyewe, na kulitangaza. Ramani isiyosema imekosea kiasi gani ni kama mizani isiyokaguliwa, nasi wauza karafuu twaijua mizani ya namna hiyo.

MANENO YA UPANDE WA PILI

Hatutaki kuwaficha wanachama udhaifu wa jambo hili. Kwanza, fedha hizo kweli zingeweza kununua majamvi na miche, na jamvi huonekana msimu huu huu. Pili, mtu akipata shahada kubwa hupata pia kazi kubwa, na huenda asirudi; tumekwisha kuyaona hayo. Tatu, ramani hata ikiwa sahihi namna gani haipandishi bei ya karafuu, wala si hati ya ardhi. Hati hutolewa na Serikali peke yake. Atakayewaambia kwamba binti huyu atarudi na dawa ya mashaka yetu yote, msimwamini.

Lakini sisi ni wakulima wa karafuu, na mkarafuu ndio uliotufundisha kungoja. Mche huutia maji na kuukinga jua, na hauutazamii kitu mpaka mwaka wa sita, hata wa nane. Hakuna kati yetu aliyeung'oa mwaka wa pili kwa kuwa haujazaa. Baada ya hapo huzaa hata kwa wajukuu.

NENO LA KUPIGIWA KURA

Halmashauri, baada ya kusikia habari hizi, imekubaliana kuupelekea Mkutano Mkuu shauri la kumkopesha binti yetu nusu ya ada, kwa masharti manne, ambayo yeye mwenyewe ameyakubali kwa maandishi mbele ya ami yake.

Kwanza, ni mkopo wala si sadaka, naye ataurudisha kidogo kidogo tangu mwezi wa kwanza atakaopata kazi baada ya masomo.

Pili, tasnifu yake itakuwa juu ya mikarafuu ya wanachama watakaopenda: kuihesabu, kutenga hai na iliyokufa, na kuandika miaka. Asiyependa shamba lake litiwe, halitatiwa.

Tatu, ramani za mipaka ya mashamba hazitaonyeshwa mtu wala kampuni bila ya ruhusa ya mwenye shamba, na nakala kamili itakaa ofisini petu.

Nne, kila likizo atakaa kisiwani awafundishe vijana wawili wa Chama kuitumia ile programu ya bure, ili elimu isimtegemee mtu mmoja, kama ilivyokuwa kwa manahodha wetu.

Sharti la pili na la nne yaliletwa na Bwana Mweka Hazina. Mtu alimwuliza kama sasa anaunga mkono. Alijibu kwamba bado anataka majamvi, na kwamba hajaahidi kura yake kwa mtu, lakini akaongeza, "Akipewa mgeni kazi ile, mzambarau wangu utaandikwa mkarafuu mpaka Kiyama."

Ndugu wanachama, njooni Mkutano Mkuu mkiwa mmekwisha lifikiri jambo hili majumbani. Mwenye swali aliandike alilete ofisini, naye asiyeandika na aje aseme. Kuuliza si ujinga. Kura itapigwa kwa siri, na litakaloamuliwa na wengi ndilo tutakalomwandikia binti yetu Usagara.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama